Ziwa la Mama katika Mafundisho ya Ndoa: Kutoka Gikondo hadi Gahanga

Mwaka 1974 mtafiti Bonte na wenzake walichapisha matokeo ambayo kila mwalimu wa wachumba nchini Rwanda angepaswa kuyajua kwa moyo. Waliwachunguza akina mama waliokuwa wakinyonyesha, wengine wa mjini na wengine wa vijijini, wakapima muda uliopita tangu kujifungua hadi mimba iliyofuata. Mjini, robo tatu ya akina mama walishika mimba nyingine kati ya mwezi wa 6 na wa 15. Vijijini, robo tatu walishika mimba kati ya mwezi wa 24 na wa 29. Nchi ileile, na wote walikuwa wakinyonyesha. Kilichowatofautisha ni jinsi walivyonyonyesha. Mama wa kijijini alikuwa na mtoto mgongoni shambani na ubavuni kitandani, mtoto akanyonya kila alipotaka, mchana na usiku. Mama wa mjini alikaa mbali na mtoto kwa saa nyingi zaidi, na mtoto akanyonya mara chache.

Matokeo hayo yananirudia kila ninapofikiria Gahanga. Sekta hii iko pembezoni mwa wilaya ya Kicukiro, kusini mwa Kigali, kwenye barabara inayoteremka kuelekea mto Nyabarongo na kuendelea Nyamata. Mteremko uliokuwa wa maharage na mtama sasa unajaa nyumba. Uwanja wa kriketi ulifunguliwa mwaka 2017, na asubuhi barabara hubeba watu wanaokwenda kazini katikati ya jiji. Bila kuhama nyumba zao, wanawake wa Gahanga wanatoka katika kundi la pili la Bonte na kuingia la kwanza. Wachumba wanaotia saini ndoa ya serikali kwenye ofisi ya sekta na kuhudhuria mafundisho parokiani wanaanza maisha ambayo bibi zao hawakuyajua, na ujuzi wa bibi peke yake hauwatoshi.

Msomaji wa Tanzania au wa pwani ya Kenya huenda akauliza: je, si kweli kwamba wazee wetu walitenganisha uzazi kwa kumkataza mume asimkaribie mke anayenyonyesha? Ndivyo ilivyokuwa katika sehemu nyingi. Hofu ya kumbemenda mtoto, yaani kumdhuru kwa wazazi kukutana akiwa bado ananyonya, iliwalinda watoto wengi, ingawa iliwagharimu wanandoa amani ya nyumba, na wanaume wengi waliitumia kama ruhusa ya kutafuta nje. Rwanda ilikuwa na desturi nyingine kabisa. Mtoto alipewa jina siku ya nane, mama akatoka kitandani pa uzazi, na mume na mke wakarudiana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kwa wanawake wengi wa Rwanda muda wa kujizuia baada ya kujifungua haukufika hata mwezi mmoja. Kwa hiyo mwanya wa miaka miwili na zaidi kati ya watoto haukuletwa na kulala mbalimbali. Uliletwa na ziwa lenyewe. Ni nchi chache zilizoweza kulionyesha jambo hili kwa uwazi kama Rwanda.

Mwili hufanya kazi hiyo kwa utaratibu wake. Mtoto anapovuta chuchu, habari hupanda hadi kwenye ubongo wa mama na kutuliza homoni zinazoamuru yai lipevuke. Athari hiyo haidumu, na ndiyo maana inahitaji kurudiwa mara kwa mara. Mtoto akinyonya kila baada ya muda mfupi, usiku pia, kizazi hubaki kimepumzika. Akipewa chupa ya maziwa ya ng'ombe au uji kabla ya wakati, au akilala usiku kucha bila kunyonya, amri ile hurudi, na yai la kwanza huweza kupevuka kabla mama hajaona damu yoyote. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Kanisa Katoliki lilifika kwenye jambo hili kwa njia ndefu. Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria walieleza katika miaka ya 1920 wakati ambao yai hupevuka, na hesabu ya siku ikaanza kuenea. Mwishoni mwa 1930 Papa Pius XI alitoa waraka wa ndoa, Casti Connubii. Oktoba 1951 Pius XII, akizungumza na wakunga wa Italia, alikubali kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia siku zisizo na rutuba. Lakini kalenda iliwaumiza wanawake ambao mizunguko yao haikuwa sawa. Kuanzia 1953 John Billings, na baadaye mkewe Evelyn, wote madaktari wa Melbourne, walitafuta alama ambayo mwanamke yeyote angeweza kuisoma mwilini mwake bila kipimajoto wala hesabu. Waliipata katika ute wa uzazi, ambao huanza kuteleza na kuvutika siku zinazokaribia kupevuka kwa yai. Humanae Vitae ya Paulo VI, Julai 1968, ilikataza njia za bandia za kuzuia mimba na papo hapo ikawaomba wanasayansi waimarishe elimu ya mzunguko.

Ombi hilo lilipata wasikilizaji Afrika mapema. Kisiwani Mauritius, Action Familiale ilikuwa imeanza kazi tangu 1963, na jina hilo likaenea katika nchi zinazotumia Kifaransa. Kisha mwaka 1981 Yohane Paulo II aliandika katika Familiaris Consortio kwamba elimu ya mzunguko wa uzazi ifundishwe kwa uwazi na kwa uzito, kwa wanandoa na pia kwa vijana kabla hawajaoana. Hapo mlango wa mafundisho ya wachumba ulifunguliwa rasmi.

Rwanda ilikuwa na mtu wa kuingia mlango huo. Henryk Hoser, mzaliwa wa Warsaw, alikuwa daktari kabla ya kuwa padri wa shirika la Wapalotini. Alifika Rwanda mwaka 1975, akaanzisha kituo cha afya na huduma za jamii Gikondo, Kigali, na kukiongoza kwa miaka 17. Gikondo leo iko wilaya moja na Gahanga. Akiwa hapo alishiriki kuijenga Action Familiale ya Rwanda, iliyowafundisha watu wa ndoa kusoma alama za mwili. Kilichomtofautisha na wahubiri wengi wa mambo ya uzazi ni kwamba alikubali kazi yake ipimwe.

Agosti 1988 wanasayansi walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana juu ya kanuni ya kunyonyesha kama njia ya kupanga uzazi. Masharti ni matatu: damu ya mwezi iwe haijarudi, mtoto awe ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na awe hajatimiza miezi sita. Yakitimia yote, mama ana kinga ya asilimia 98. Sharti moja likivunjika, atafute njia nyingine siku hiyohiyo. Kwa mama wa Rwanda miezi sita ilionekana michache, kwa sababu alinyonyesha muda mrefu zaidi ya huo na damu yake ilichelewa kurudi. Action Familiale na Chuo Kikuu cha Georgetown wakajaribu kuongeza muda hadi miezi tisa, kwa agizo moja jepesi kukumbuka: baada ya mwezi wa sita, mtoto anyonye kwanza, ndipo apewe chakula. Waliita njia hiyo MAMA-9. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 1996, na miongoni mwa waandishi walikuwemo Hoser na Thérèse Nyirabukeye, Mnyarwanda aliyeendelea kufundisha wakufunzi barani Afrika. Oktoba 2015 Nyirabukeye alikaa Vatican kama msikilizaji katika Sinodi ya Maaskofu juu ya familia.

Kati ya kazi ile na kuchapishwa kwake ulipita Aprili 1994, mwezi yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu waliokimbilia kanisa la Wapalotini Gikondo waliuawa humo, na waliokimbilia kanisa la Gahanga waliuawa pia. Makanisa ambayo ndoa zilifungwa yaligeuka machinjio. Sioni jinsi ya kuandika historia ya mafundisho ya familia katika mitaa hiyo bila kusimama hapo. Waliobaki ndio walioanza tena kuwafundisha vijana kuoana na kuzaa.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake. Ofisi ya taifa ya idadi ya watu, ONAPO, iliundwa 1981, wakati mwanamke wa Rwanda alizaa kwa wastani watoto zaidi ya wanane. Mwaka 2000 ni asilimia 4 tu ya wanawake wa ndoa waliotumia njia za kisasa. Kufikia 2019–20 walikuwa asilimia 58, na wastani wa watoto ulishuka hadi 4.1. Vituo vya afya vya Kikatoliki havikutoa vidonge wala sindano, hivyo serikali ikajenga vituo vidogo jirani navyo ili kutoa njia hizo. Mahali pande mbili zilipokutana vizuri ni kwenye mkufu wa shanga 32, ambao Wanyarwanda waliuita urunigi. Georgetown waliuleta miaka ya 2000: ushanga mwekundu siku ya kwanza ya damu, kisha kahawia, kisha nyeupe 12 kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, ambazo ndizo siku za kushika mimba. Unamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni kati ya siku 26 na 32. Wizara ya Afya iliupokea, na Kanisa likaukubali.

Nayaamini mafundisho haya ya kusoma mwili, na kwa sababu hiyo nataka yafundishwe pamoja na udhaifu wake. Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia ya ute katika nchi tano mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi mno walijifunza kusoma alama katika mzunguko wa kwanza, lakini kwa mwaka mmoja mimba zilipita 20 kwa kila wanawake 100, nyingi kati ya hizo kwa sababu wanandoa waliijua siku ya rutuba na hawakujizuia. Njia hii ni ya watu wawili. Mume anayerudi amelewa na kudai haki yake anaivunja usiku mmoja, hata mke awe mwanafunzi bora namna gani. Mchumba wa kiume anayekaa nyuma ya darasa akisubiri cheti hajafundishwa, na anayemsainia cheti hicho anamdanganya bibi harusi.

Somo la kunyonyesha lina udhaifu mwingine, na hapa Gahanga inarudi mezani. Sheria ya kazi ya Rwanda iliyorekebishwa 2023 inampa mama likizo ya uzazi ya wiki 14, na akirudi kazini ana saa moja ya kunyonyesha kila siku kwa miezi 12. Kanuni ya Bellagio inadai miezi sita, ambayo ni takriban wiki 26. Zinabaki wiki 12 ambazo mama anapanda basi asubuhi na kurudi jioni. Watafiti wa Chile, nchi iliyofanya kazi kubwa katika jambo hili, waliwafuatilia wanawake waliorudi kazini huku wakikamua maziwa kwa ajili ya mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: asilimia 5.2 walishika mimba ndani ya miezi sita, ilhali kwa wanaokaa na watoto wao ni chini ya 2. Kukamua hakulingani na mtoto mwenyewe ziwani.

Mwaka 2022 Vatican ilipendekeza maandalizi ya ndoa yawe safari ndefu inayoendelea hadi miaka ya kwanza ya ndoa. Nafasi hiyo itumike. Somo la ziwa linalotolewa mara moja kabla ya harusi hufika mapema mno, kwa msichana ambaye hajabeba mimba. Lirudiwe mwezi wa nane wa ujauzito, mume akiwepo, na lirudiwe tena wiki ile likizo inapokwisha, mwalimu akiwauliza maswali ya kawaida kabisa: mtoto atakaa na nani mchana, atanyonya mara ngapi usiku, ute unaonekanaje, na ni siku gani mtaacha kulitegemea ziwa na kuanza kusoma alama.