Mgunga katika Useremala wa Misri ya Kale

Historia ya useremala wa Misri ya Kale imezoea kuutukuza mwerezi wa Lebanoni, ulioagizwa kwa ajili ya majeneza na merikebu za wakubwa. Mgunga, uliomea kandokando ya Nili, umehesabiwa kuwa mbadala wa wanyonge. Ushahidi hauiungi mkono hukumu hiyo.

Mbao za mgunga ni ngumu na nzito, lakini shina lake ni fupi na aghalabu limepinda. Halitoi ubao mrefu. Upungufu huo ndio uliounoa ustadi wa fundi. Katika karne ya 5 K.K., Herodotus alieleza jinsi Wamisri walivyokata mbao za dhiraa 2, wakazipanga mithili ya matofali, wakaziunga kwa vigingi virefu na kuziba nyufa kwa mafunjo. Maarifa ya kuunga vipande vifupi yanaonekana pia katika samani na majeneza, ambamo ndimi za mbao zilipenya vitunduni na kukazwa kwa vijiti.

Wala wafalme hawakuudharau mti huo. Maandishi ya Weni, ofisa wa Nasaba ya 6, yanasema kwamba alimwundia mfalme Merenre tishari la mgunga, urefu dhiraa 60, upana 30, kwa siku 17. Matishari mengine yaliundwa kwa mgunga wa Wawat, na watawala wa Nubia ndio waliotoa magogo. Jina la Weni limehifadhiwa. Waliokata na kukokota magogo hayo hawakutajwa. Thamani ya mgunga, basi, haipimwi kwa bei yake tu, bali pia kwa jasho lao.