Chuma, Shaba au Bati?

Tarehe 24 Januari, 1848, James Marshall alikuwa akisimamia ujenzi wa kiwanda cha kupasulia mbao huko Coloma, California, magharibi ya Amerika. Akaona vipande vya manjano vikimeta ndani ya mfereji wa maji. Kumbe ni dhahabu! Habari zilipoenea, watu kwa maelfu waliacha kazi zao wakaikimbilia, na wengi hawakuwa na zana ila sururu, koleo na karai la chuma.

Yafaa, msomaji, ujue kwanza jinsi dhahabu inavyotengwa na mchanga. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19, hali mchanga haufiki hata mara 3. Basi ukipitisha mchanga na maji katika mfereji ulioinama kidogo, wenye vipingo vilivyopigiliwa sakafuni, mchanga huchukuliwa na maji, nayo dhahabu huzama nyuma ya vipingo. Wachimbaji waliitengeneza mifereji hiyo kwa mbao. Lakini mbao huliwa na mawe. Kwa hiyo penye msuguano mwingi walitia chuma.

Hapo ndipo palipohitaji akili. Chembe laini kama unga huponyoka upesi, na ili kuzinasa walimimina zebaki nyuma ya vipingo. Zebaki hushikamana na dhahabu, walakini haishikamani na dhahabu peke yake. Hushika shaba, hushika na zinki, ambayo ndiyo inayopakwa juu ya mabati. Chuma haikishiki, na ndiyo sababu zebaki ya machimbo ya New Almaden ilisafirishwa katika chupa za chuma. Wala shaba haikutupwa: mabamba yake yalipakwa zebaki makusudi, yakatandazwa njiani mwa maji ili yanase dhahabu iliyoponyoka. Hivyo kasoro ya shaba ikageuzwa kuwa kazi yake.

Alumini ilikuwa adimu hata mwaka 1886, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja peke yake, njia rahisi ya kuitoa. Leo ajitengenezeaye mfereji huipenda kwa kuwa ni nyepesi na haifanyi kutu kama chuma. Lakini zebaki ikiingia penye mkwaruzo, huila alumini upesi.

Zebaki iliyotoroka mifereji ya California ilishuka mitoni, na hata leo samaki wa baadhi ya mito ile wana sumu yake. Jambo hili latuhusu na sisi. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na huko Migori wapo wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki. Kwa hiyo ukiulizwa ni metali ipi ifaayo, usijibu kwa haraka. Uliza kwanza itakutana na nini ndani ya maji, kisha uulize ni nani anywaye maji hayo huko chini ya mto.