Kasongo na Kabambare: daftari lililowaacha walemavu

Jeshi la kamanda wa Kibelgiji Francis Dhanis liliiteka Kasongo, katika Maniema ya Kongo, Aprili 1893, na Kabambare mapema mwaka uliofuata. Tangu hapo Bula Matari, yaani dola ya kikoloni, alitaka kujua jambo moja juu ya kila kijiji: kina wanaume wangapi wanaoweza kubeba mzigo, kupiga kasia na kulima? Baadaye jibu lilipata jina rasmi kwa Kifaransa, homme adulte valide, yaani mwanamume mzima asiye na kilema. Katika daftari za Wabelgiji aliandikwa kwa herufi tatu tu: HAV.

Pamba ndiyo iliyozipa herufi hizo uzito. Maniema na Sankuru zilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kulazimishwa kulima pamba, baada ya dikrii ya 1917. Dikrii ya 1933 iliweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka. Vita vilipopamba moto, mwaka 1942, zikafika 120. Chifu alidaiwa mashamba kwa hesabu ya HAV wake, na aliyepungukiwa alijua kiboko kinamsubiri nani. Kipofu, kiwete na mwenye ukoma hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mtu angesema walibahatika.

Mimi sikubali. Daftari lililowaepusha na shamba la lazima ndilo pia lililokuwa mlango wa mshahara. Kampuni ya bati ya Symétain, iliyoundwa 1932 na kufanya Kalima makao yake, haikuwa na haja na mtu ambaye mwili wake haukumridhisha daktari. Wasioandikwa walibaki na kazi za nyumbani: kusuka mikeka na vikapu, kufuma nyavu, kulinda shamba dhidi ya ndege. Kazi zote hizo ni kazi, ila hazikuhesabiwa kuwa ajira.

Na ulemavu wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni. Joseph Dutton, daktari kutoka Liverpool aliyekuja kuchunguza ugonjwa wa malale, alifia Kasongo Februari 1905 kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Dawa ya malale iliyotumika Kongo baada yake, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wale iliyokusudiwa kuwaponya. Miaka ya 1970 mradi wa afya uitwao Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, ulipata jina kwa utafiti wa chanjo ya surua, ugonjwa unaoweza kumwachia mtoto upofu. Mwaka 2017 polio ilizuka tena Maniema.

Kinshasa walemavu walijifungulia njia yao. Tangu enzi za Mobutu walipunguziwa nauli ya kivuko cha Brazzaville, wakageuza baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa maghala ya biashara. Kasongo nayo iko karibu na mto huohuo, lakini ng'ambo yake ni nchi ileile, hakuna mpaka wa kuvushia biashara. Huko Kabambare penye fedha ni dhahabu, Namoya na Salamabila, na shimo la dhahabu huzalisha vilema zaidi kuliko linavyowaajiri.

Sheria sasa imegeuka. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inaidai Serikali ikuze uwepo wa wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. 2019 ikapata waziri wa watu wenye ulemavu, mwanasheria Irène Esambo, naye mwenyewe akiwa na ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatiwa saini sheria maalumu ya kulinda haki hizo.

Taasisi za mitaa si jambo la Kinshasa. Ni ofisi ya teritwari Kasongo, ni ofisi ya teritwari Kabambare, ni shule na hospitali za hapo. Maadministrata waanze na nafasi zilizo mikononi mwao: karani wa vizazi na vifo, mtunza nyaraka, mhasibu, mwalimu. Hakuna hata moja inayohitaji mtu wa kubeba mzigo.