Magari ya turbaini yaliyochomwa na wenyewe

Jamani, sisi tunaoandika programu tukimaliza toleo la majaribio angalau tunaweka nakala. Chrysler walichoma.

Mwaka 1963 kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuwapa raia wa kawaida magari 50 yenye injini ya turbaini, jamaa ya ile ya ndege. Kila mtu aliliendesha miezi mitatu bure, akijinunulia mafuta tu. Hadi Januari 1966 watu 203 walikuwa wameyajaribu. Bodi zilitoka kwa Ghia, mafundi wa Turin, Italia. Injini ilikuwa na plagi moja, na ilikunywa dizeli, mafuta ya taa, hata tequila kule Mexico. Kichekesho ni kwamba petroli yenye madini ya risasi, iliyouzwa kila kituo siku hizo, ndiyo iliyoidhuru.

Pamoja na yale 5 ya mwanzo, yalikuwa 55. Majaribio yalipokwisha, 46 yalichomwa na kupondwapondwa yakawa vyuma chakavu. Sababu inayotajwa sana ni ushuru wa forodha wa zile bodi za Italia. Mimi naona kampuni iliogopa zaidi magari yasiyo na spea wala fundi kuzagaa barabarani kwa jina lake. Yalinusurika 9, kadhaa yakapelekwa makumbusho. Moja lilinunuliwa na mchekeshaji Jay Leno, naye akaliwasha.