Kufuli ya Nikon na picha zako mwenyewe

Umewahi kuingiza picha kwenye programu ya kupanga picha, ukaambiwa faili haitambuliki? Au ikafunguka lakini watu wote wana rangi ya samawati? Basi kisa hiki kinakuhusu.

Kamera kubwa huhifadhi picha ghafi, na kila kampuni ina muundo wake. Nikon wao hutumia NEF. Aprili 2005, Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha Photoshop, alilalamika hadharani: kwenye kamera mpya ya D2X, Nikon walikuwa wamezificha kwa msimbo wa siri zile tarakimu zinazoieleza programu mwanga ulikuwa wa aina gani. Bila hizo, programu hubahatisha weupe. Adobe waliogopa kuivunja kufuli hiyo kwa sababu ya DMCA, sheria ya Marekani ya 1998.

Dave Coffin hakungoja. Tangu 1997 alikuwa akiandika dcraw, programu ya bure, kwa lugha ya C, ya kusoma picha ghafi za kamera chungu nzima. Akaifungua. Na ufunguo je? Nambari ya kamera na hesabu ya picha ilizopiga, vyote vimo ndani ya faili ileile! Ni kama kufunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa.

Adobe walikuwa wameshatoa DNG, muundo ulio wazi kwa yeyote, mwaka 2004. Nikon wakaendelea na NEF. Kwa maoni yangu, mwenye tarakimu zile ni aliyepiga picha, si aliyeuza kamera.

Toleo la mwisho la dcraw lilitoka 2018, lakini LibRaw iliyotokana nayo ndiyo inayofungua picha ghafi ndani ya digiKam.