Miti ya Kericho na Walioiandika

Kuorodhesha miti ya asili ya Kenya kulianza kwa hesabu ya mbao. Ripoti ya D. E. Hutchins kuhusu misitu ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ya mwaka 1909, ilitawaliwa na thamani ya mtarakwa, podo na mizeituni ya mwituni. Mwaka 1926 Edward Battiscombe, aliyekuwa mkuu wa idara ya misitu, akatoa orodha ya miti na vichaka vilivyojulikana zaidi, kisha akaipanua mwaka 1936. Kampuni ya chai ya Brooke Bond ilifika Kericho katika miaka ya 1920, kwa hiyo msitu ulianza kufyekwa kwa chai kabla haujaandikwa vizuri.

Kitabu kilichofuata, cha I. R. Dale na P. J. Greenway, kilitoka mwaka 1961. Humo jina la Kilatini hufuatwa na majina ya wenyeji. Prunus africana ni tendwet kwa Wakipsigis, Croton macrostachyus ni tebeswet, na Dombeya ni silibwet, jina ambalo huko Bomet ni la kituo cha biashara pia. Majina hayo yamewekwa chini ya kabila, si chini ya mtu. Aliyekata tawi na kulikausha hutajwa kwa jina na namba ya sampuli. Mzee aliyeujua mti huo tangu utotoni hana namba.

Msitu wa Mau Kusini-Magharibi, unaopakana na mashamba ya chai, ulipata wachunguzi wake kwa sababu ya ubishi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni za chai zilitaka ardhi zaidi ya msitu, na swali likazuka: miti ikiondolewa, mito itakauka? Shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lenye makao Muguga, lilichagua mabonde mawili ya Kericho. Lagan liliachwa na msitu wake. Katika Sambret sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa ikapandwa chai. H. C. Pereira na wenzake walipima mvua na maji ya vijito mwaka baada ya mwaka. Jibu liliwafurahisha wenye mashamba: chai iliyokomaa na kutunzwa vizuri haikupunguza maji ya mto kwa kiasi kikubwa. Lakini jibu hilo lilihusu maji tu. Chai ni aina moja ya mmea, na hakuna kipimo cha mto kinachoweza kuonyesha miti iliyotoweka Sambret. Kwa bahati nzuri, mtafiti O. Kerfoot alichapisha mwaka 1964 maelezo ya mimea ya Mau Kusini-Magharibi, kuanzia miti mikubwa hadi ukanda wa mianzi.

Kwingineko ndani ya nchi ya chai, mkulima Tom Grumbley alianzisha bustani ya miti ya Chagaik baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akichanganya miti ya asili na ya kigeni. Ni pazuri kutembelea, ila si picha ya msitu uliokuwapo.

Sampuli za nchi nzima ziko Nairobi, katika hifadhi ya mimea mikavu iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Mtaalamu wa mimea Henk Beentje aliitegemea kwa kitabu chake cha miti cha 1994, ambacho wataalamu wa miti ya Kenya bado wanakifungua kwanza. Mradi wa kuandika mimea yote ya Afrika Mashariki, ulioanza kuchapishwa mwaka 1952, ulikamilika 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000.

Tangu Desemba 2022 serikali inahimiza upandaji wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Orodha za kuchagulia miti ya asili zipo. Hata hivyo, kwenye vitalu vya Kericho na Bomet mkaratusi na grivelia bado ndizo zinazotafutwa, kwani viwanda hukausha majani chai kwa kuni, na mkulima anahitaji karo muda mrefu kabla tendwet haijatoa ubao.