Kichocheo cha neva za kibofu

Kichocheo cha neva za kibofu ni kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini ili mtu aliyeumia uti wa mgongo aweze kukojoa kwa wakati anaotaka. Kilibuniwa na Giles Brindley (alizaliwa 1926), mwanafiziolojia wa Uingereza, na wagonjwa wa kwanza walipandikizwa miaka ya 1970.

Kwa kawaida, ukuta wa kibofu unapojikaza, msuli unaobana njia ya mkojo hulegea. Ubongo huratibu kazi hiyo kupitia uti wa mgongo. Uti ukikatika, kwa mfano katika ajali ya gari, mara nyingi misuli yote miwili hujikaza pamoja. Mkojo hubaki kibofuni au huvuja ovyo, huleta maambukizi, na shinikizo lake laweza kuharibu figo. Zamani madhara ya figo yaliwaua wengi kati ya waliookoka ajali zenyewe.

Daktari mpasuaji hufunga elektrodi kwenye mizizi ya mbele ya neva za sakramu (S2 hadi S4), kisha hupitisha waya hadi kwenye kipokezi kilicho chini ya ngozi. Kipokezi hakina betri. Hupata nguvu kwa mawimbi ya redio kutoka kisanduku ambacho mtumiaji hukiweka juu ya ngozi. Umeme huo hukaza misuli yote miwili, jambo linaloonekana kuharibu kazi yote. Lakini msuli wa kubana hulegea mara umeme unapokatika, ilhali kibofu hulegea polepole. Kwa hiyo umeme hutolewa kwa vipindi vifupi, na mkojo hutoka kwa mikupuo katikati yake.

Pamoja na upandikizaji huo, mizizi ya nyuma kwa kawaida hukatwa ili kibofu kisijikaze chenyewe. Ukataji huo haurudishiki: mgonjwa hupoteza hisia zilizosalia sehemu hizo, na mwanamume hupoteza usimikaji wa uume unaotokana na mguso. Si ajabu kwamba wengine hukataa.

Kifaa hakifai pale neva zenyewe za kibofu zilipokufa. Kisichanganywe na kile kilichotokana na utafiti wa Emil Tanagho na Richard Schmidt huko San Francisco, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Hicho hurekebisha mawasiliano ya neva kwa wenye mkojo usiozuilika, nao wengi wao hawajapooza.

Wagonjwa wengi duniani bado hutumia mpira wa mkojo, unaoingizwa na kutolewa mara kadhaa kwa siku.